Imani, Amini, Maini

Masomo: 2 Wafalme 12:4-15, Ezekieli 21:18-22, Habakuki 2:4

Toa kalamu. Juu ya karatasi yako andika neno moja la herufi tano: IMANI. Ni neno letu la kila siku. Tunaliimba, tunalihubiri, tumewapa mabinti zetu liwe jina, tumelichora nyuma ya matatu na juu ya milango ya vioski. Neno likitumika hivyo linakuwa kama noti ya shilingi hamsini iliyozunguka sokoni mwaka mzima. Thamani bado iko, lakini maandishi yamefifia. Leo nataka tuinyooshe hiyo noti, tuiinue kwenye mwanga, tuone imeandikwa nini.

Sasa zipange herufi zako upya. Anza na A, kisha M, I, N, I. Umepata AMINI. Panga tena: M, A, I, N, I. Umepata MAINI, yale yale ya kukaangwa na kitunguu. Hatukuongeza herufi wala hatukupunguza. Zile zile tano.

Kabla mtu hajasema pasta ameleta uganga wa herufi, wacha niseme wazi. Herufi hazina nguvu za siri. Mungu hakuficha ujumbe ndani ya neno la Kiswahili akingoja sisi tuje tulipangue. Huu ni mchezo wa maneno, nami nautumia kama kamba ya kufungia mzigo ili usianguke ukiwa njiani kwenda nyumbani. Lakini tusiudharau, kwa maana hata ndani ya Biblia upo. Yeremia 1:11-12, nabii anaonyeshwa mlozi, na kwa Kiebrania jina la mti huo linasikika karibu sawa na neno la kukesha. Somo likawa kwamba Mungu halali juu ya ahadi zake. Zaburi ya 119 ina mafungu 22, fungu moja kwa kila herufi ya Kiebrania, na kila fungu lina mistari 8. Watu wa Mungu walicheza na herufi ili neno likae kichwani. Haya, twendeni.

1. IMANI: neno na ukoo wake

Neno hili Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu. Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, hakuhitaji kutunga neno jipya. Watu wa Pwani walikuwa nalo tayari. Na Kiarabu ni ndugu wa damu wa Kiebrania. Lugha hizo mbili hujenga maneno juu ya mzizi wa konsonanti tatu, na mzizi wa neno letu ni ule ule kwa zote mbili.

Tazama ukoo wake ndani ya Kiswahili chetu. Kuna imani. Kuna amini. Kuna amani, ule usalama wa mtu asiyeogopa kilicho nyuma yake. Kuna amana, mali uliyomwekea mtu akutunzie. Kuna mwaminifu, mtu ambaye amana ikikaa kwake haipungui. Kuna muumini. Na kuna neno ambalo tumelisema mara nyingi asubuhi ya leo bila kufikiri: amina. Hao wote ni watoto wa nyumba moja. Mtu akikuambia ana imani lakini si mwaminifu, ni kama mtu anayekuambia ni Otieno lakini ukoo wake haumjui. Hapo sasa unaanza kuuliza maswali.

Ukienda kwenye Kiebrania unakuta jambo la kushangaza zaidi. Sisi tumezoea kudhani imani ni kitu cha kichwani au cha mdomoni. Ni maoni niliyo nayo juu ya Mungu, au ni kukiri kwa sauti kubwa. Lakini mahali pa kwanza kabisa ambapo Biblia inatumia neno "emuna", ndiyo imani au uaminifu, halimhusu mtu anayewaza wala anayesema. Linahusu mikono. Ni Kutoka 17:12. Yoshua anapigana na Waamaleki bondeni, Musa yuko juu ya kilima. Musa amechoka. Wamemwekea jiwe akalie, Haruni upande huu, Huri upande ule, wakiinua mikono yake. Na andiko linasema mikono hiyo ilikuwa "emuna" mpaka jua likatua. Yaani haikuyumba. Ilikaa.

Ruthu 4:16, Naomi anampakata mtoto Obedi na kuwa mlezi wake. Neno la mlezi hapo limetoka kwenye mzizi huo huo, kwa sababu mlezi ni mtu ambaye mtoto akilala mikononi mwake haanguki. Isaya 7:9, Mfalme Ahazi anatetemeka kwa sababu ya majeshi mawili yaliyoungana dhidi yake, na Isaya anamwonya kwamba asiyemwegemea Mungu hatakuwa na pa kusimama. Kwa Kiebrania, "kuamini" na "kusimama imara" katika mstari huo ni kitenzi kimoja kilichogeuzwa umbo. Nabii naye alikuwa akicheza na maneno!

Kwa hiyo mpendwa, liandike hili. Imani ni kuegemea asiyeanguka, mpaka na wewe ukawa mtu ambaye wengine wakikuegemea hawaanguki. Sehemu ya kwanza tunaipenda, na tunaifanyia mikesha. Sehemu ya pili ndiyo imetuletea shida sokoni.

2. AMINI: kutoka jina mpaka kitenzi

Imani ni jina. Amini ni kitenzi. Vijana wetu wakikubali jambo husema "aminia!", na wako sawa, kwa maana neno hili lazima litende kitu.

Wacha niwaambie nilichosikia. Ndugu mmoja mwenye duka, mwenyewe ameokoka na anatoa fungu la kumi, aliniambia akitafuta mtu wa kukaa kwa kaunta hatafuti mtu wa kanisani. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Pasta, wa kanisani akikosa shilingi elfu mbili, ananiambia ni shetani. Yule mwingine anaogopa polisi." Watu wa Mungu, hatukucheka. Mimi nimesomea biashara, najua kwamba jina zuri ni mali ambayo haiandikwi kwenye mizania lakini ikipotea duka linafungwa. Sasa kama neno "mlokole" sokoni limekuwa sababu ya mtu kushika mfuko wake vizuri, basi tumepoteza kitu ambacho hakuna harambee inayoweza kukirudisha.

Fungueni 2 Wafalme 12. Mfalme Yoashi ametoa amri kwamba pesa zinazoletwa hekaluni zitengeneze nyumba ya Mungu mahali ilipobomoka. Waliopewa kazi ni makuhani. Mstari wa 6 unatuambia kwamba mpaka mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa bado ziko pale pale. Pesa ziliingia, nyufa zikabaki. Na hao ni makuhani! Hawa ni watu waliojua nyimbo zote.

Ndipo kuhani Yehoyada akachukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walikuja pamoja, wakahesabu, wakafunga pesa mifukoni. Watu wawili, kutoka ofisi mbili tofauti. Kisha pesa zikaenda kwa wasimamizi wa mjengo, wakawalipa maseremala, waashi na wakata mawe, wakanunua mbao. Na mstari wa 15 unasema jambo ambalo mhasibu yeyote akilisoma atavua miwani aisafishe asome tena. Hao wasimamizi hawakudaiwa hesabu, kwa sababu walifanya kazi yao kwa "emuna".

Mmelisikia hilo neno? Ni lile lile la mikono ya Musa. Ni lile lile la Habakuki 2:4, kwamba mwenye haki ataishi kwa imani yake. Ni lile ambalo Paulo alilichukua akalijengea waraka mzima kwa Warumi. Neno ambalo juu yake wokovu wetu unahubiriwa, Biblia inalitumia kwa watu wenye vumbi la mawe kwenye nguo, waliopewa pesa ya mbao wakanunua mbao.

Hata katika Kigiriki cha Agano Jipya ni hivyo. Neno "pistis", ambalo kwa kawaida tunalitafsiri imani, ndilo liko Tito 2:10 pale Paulo anapowaagiza watumwa wasiibe. Biblia yetu ya Kiswahili inaandika uaminifu hapo, na ni sawa, lakini Kigiriki ni kile kile. Kwa Paulo, kumwamini Yesu na kutodokoa mali ya mwajiri ni neno moja.

Ngoja kidogo hapa, kwa sababu kuna mweka hazina wa chama ambaye ameanza kutabasamu. Andiko halisemi tusihesabu. Kabla ya mafundi kupewa pesa, watu wawili walihesabu. Mtu mwaminifu haogopi daftari. Ukiona mtu anakasirika akiombwa risiti na kusema "kwani hamna imani na mimi?", mkumbushe Yehoyada na lile sanduku lenye tundu. Hesabu inamlinda mwaminifu kuliko inavyomlinda mwenye pesa.

Karibu na stendi yetu kuna mama wa kibanda cha chakula. Vijana wa bodaboda humwachia pesa jioni, huyu mia, huyu hamsini, na yeye anaandika kwenye daftari la shule la mraba. Mmoja wao alianguka, akalazwa. Hakuna mwingine aliyejua pesa yake imefika ngapi. Yule mama alienda wodini na daftari na pesa yote, akamhesabia hapo kitandani mpaka shilingi ya mwisho. Nilipomtembelea yule kijana akaniambia, "Pasta, mimi sijui huyu mama huwa anaomba kwa lugha gani, lakini pesa yangu inalala vizuri kwake kuliko kwangu." Mpendwa, huo ni ushuhuda. Haukutolewa madhabahuni na hakuna aliyepiga makofi, lakini mbinguni umeandikwa.

3. MAINI: neno likifika ndani

Sasa tufike jikoni. Kwa nini nimewaleta kwa maini? Kwa sababu kuna njia mbili za kuyatumia maini katika Biblia, na lazima uchague moja.

Njia ya kwanza iko Ezekieli 21:21. Mfalme wa Babeli amefika njia panda. Barabara moja inaenda Raba ya wana wa Amoni, nyingine inaenda Yerusalemu. Hajui ashambulie wapi kwanza. Anatikisa mishale, anauliza sanamu zake, kisha anatazama maini. Hiyo ilikuwa taaluma kamili kwao. Kondoo alichinjwa, mtaalamu akasoma ini lake, mikunjo na alama zake, kama mtu anayesoma gazeti la kesho. Mpaka leo British Museum kule London wana mfano wa ini la kondoo wa udongo wa mfinyanzi kutoka Babeli, umechorwa vijumba vijumba na kuandikwa maana ya kila sehemu, na una umri wa zaidi ya miaka 3,500. Wanafunzi walisomea hapo.

Usiwacheke Wababeli. Sisi pia tunapenda kuambiwa kesho. Kuna anayetuma pesa kwa nabii ili asomewe nyota yake ya biashara. Kuna kijana ambaye karo ya muhula iko kwenye mkeka wa kubeti, na anasema ni imani. Hapana, kijana wangu. Hayo ni maini ya kondoo. Imani haijaribu kuisoma kesho. Imani inamjua mwenye kesho, halafu leo inafanya kazi ya leo bila kuyumba.

Njia ya pili ni maini yako mwenyewe. Maombolezo 2:11, mwenye kilio anaona watoto wakizimia kwa njaa katika njia za mji, na anasema ini lake limemwagika chini. Sisi tunasema fulani amenikata maini. Biblia na Kiswahili vinakubaliana kwamba kuna maumivu yanayopita kifua na kufika huko chini. Na Injili zinapotuambia Yesu aliuhurumia umati, kama Mathayo 9:36, kitenzi cha Kigiriki kimetengenezwa kutokana na neno la viungo vya ndani: moyo, mapafu, maini. Aliwaona, na kitu kikamgeuka ndani.

Sasa rudini kwa Kiswahili chetu, kwa sababu kimehifadhi hazina. Imani katika Kiswahili ina maana mbili. Ya kwanza ni kumwamini Mungu. Ya pili ni huruma. Mpangaji akitolewa vitu nje usiku, watu husema mwenye nyumba hana imani. Mtu akilia shida Pwani utamsikia akisema, "Nifanyie imani." Yule mwenye nyumba anaweza kuwa mzee wa kanisa, anafunga na kuomba kila Jumatano, lakini Kiswahili kinamtazama na kusema: hana imani. Na Yakobo 2:15-17 anakubaliana na Kiswahili. Ukimwambia mwenye njaa aende kwa amani, ashibe, na mkono wako haukutoka mfukoni, hiyo imani yako imekufa, hata kama ilisema maneno mazuri.

Lifikirie ini lenyewe. Ndicho kiungo kikubwa zaidi ndani ya mwili. La mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Moyo unapiga kelele, mpaka ukipenda unausikia. Ini halisikiki. Kazi yake ni kusafisha damu na kutunza. Ukila, linaweka akiba ya sukari. Ukikaa na njaa usiku, linaitoa kidogo kidogo ili usizimie. Linatunza madini ya chuma na vitamini. Kwa maneno mengine, mwili umeweka amana kwenye ini, na ini linairudisha siku ya haja, bila tangazo. Mungu aliweka mwaminifu ndani ya tumbo lako ili ujifunze.

Imani iliyofika mainini ni ya namna hiyo. Mtu akikuletea siri, unaisafisha, huisambazi. Mtu akikuletea mali, unaitunza. Siku ya njaa yake, unatoa.

Tufanye nini wiki hii

Najua ndani yetu kuna mtu ambaye simu ikilia na kuona jina fulani, anaigeuza kifudifudi. Deni la mwaka jana. Pesa ya chama. Kiwanja cha ndugu ambacho ulipewa hati uitunze, sasa unaita chako. Mshahara wa msichana wa kazi ambao umekuwa "mwezi ujao" tangu Pasaka. Sikuiti madhabahuni leo. Nakutuma kwa huyo mtu. Kabla ya Jumapili ijayo, mpigie. Kama unayo, rudisha. Kama huna, mwambie huna, mpange utalipa vipi, na uanze na hata shilingi mia mbili kwa M-Pesa. Kukosa pesa si dhambi. Kutoweka ndiyo kunalipaka matope jina tulilopewa.

Na kama wewe ndiye uliyekatwa maini, ukatapeliwa na mtu mliyekuwa mkiomba naye, nakuomba usiwahesabu watu wote wa Mungu kuwa ni yeye. Dai haki yako kwa njia halali, hiyo si kukosa imani. Lakini usimwache akuibie mara mbili, mara ya kwanza pesa, mara ya pili Mungu wako.

Maana mwisho wa yote, hatusimami kwa sababu sisi ni imara. Musa alihitaji jiwe chini yake na ndugu wawili pembeni. Katika 2 Timotheo 1:12-14 Paulo anazungumza lugha ya amana mara mbili. Kuna amana aliyoiweka kwa Mungu, naye ana hakika Mungu ataweza kuilinda. Na kuna amana ambayo Timotheo amewekewa aitunze kwa Roho Mtakatifu. Ona mpangilio huo. Tunaweza kutunza cha wengine kwa sababu uhai wetu wenyewe uko salama kwa Mtunzaji. Na katika Ufunuo 3:14 Yesu anajitambulisha kwa jina ambalo tumekuwa tukilitumia kufunga maombi. Anaitwa Amina, shahidi wa kweli na mwaminifu. Kwa hiyo kila ukisema amina, usidhani unasema tu "nimemaliza". Unamtaja Yeye asiyeyumba, na unaomba ufanane naye.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliye Amina, tunakushukuru kwa kuwa tulipokuegemea hukutuangusha. Toa imani yetu midomoni, ifike mikononi, ishuke mpaka mainini. Tupe ujasiri wa kupiga simu tuliyokuwa tunaikwepa. Wape faraja waliotapeliwa kwa jina lako. Na mtaa huu ukitusikia tukisema Bwana asifiwe, watu wasishike mifuko yao. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Someni 2 Wafalme 12:9-15. Katika chama au kikundi chenu, ni nani wawili wanaohesabu? Kama ni mmoja, mtabadilisha lini?

2. Kuna amana gani mikononi mwako sasa, ya pesa, ya siri au ya mtoto wa mtu? Mwenye nayo akija leo, ataikuta nzima?

3. Ni nani katika ploti au mtaa wenu angeweza kusema, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba wewe una imani?